Dodoma mjini kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe? Si hospitali, kikundi

#1 Mkwaju wa Ilazo
Mbukwenyi wakuu.

Naomba kujua kama hapa Dodoma mjini kuna kikundi cha watu walioacha au wanaojaribu kuacha pombe, wanaokutana mara kwa mara na kuongea. Sitafuti hospitali, mganga wala kuwekewa mikono. Hivyo vyote najua vilipo. Natafuta watu wanaokaa kwenye viti vya plastiki, mmoja anasema wiki yangu ilikuwa hivi na hivi, wengine wanasikiliza, mnaagana mnaenda makwenu. Nilipokuwa nasoma Dar kuna mwenzangu alikuwa anahudhuria kitu cha namna hiyo, wanaita AA, yaani Alcoholics Anonymous. Hapa nimeuliza ofisini kwa kuzungukazunguka, nikajibiwa "hao si Wasabato?" Nikaishia hapo.

Mwenye kujua mahali, siku na saa aweke. Kikiwa cha Kiswahili afadhali. Kikiwa nje ya Ilazo, Kisasa na Nzuguni afadhali zaidi, maana huku kila mtu namjua na kila mtu ananijua.

#2 Mzee wa Supu
Nimekaa siti ya mbele. Wajuvi wanakuja.

#3 Bwana Zabibu
Mkuu, mashamba ya zabibu yamejaa kuanzia Hombolo mpaka unapolala, tunavuna mara mbili kwa mwaka, halafu wewe unatafuta wasiokunywa? Nenda Mirembe, wapo kibao.

#4 Sista wa Makole
Bwana Zabibu, watu wa Dodoma mmezoea kulitaja jina la Mirembe kama tusi. Ile hospitali ipo tangu 1927 na imewatibu ndugu zenu wengi ambao hamwataji.

Mtoa mada, umesema hutaki hospitali ila nitakujibu nilichonacho, utachukua kinachokufaa. Nimekaa wodini miaka mingi. Swali langu ni moja: asubuhi kabla hujazimua, mikono inatetemeka? Unatoka jasho, moyo unaenda mbio, chai haikai tumboni? Kama ni ndiyo, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa unaanza kulipuka ndani ya saa 6 mpaka 24. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona panya ukutani, wanaongea na waliokufa. Hiyo hali inaua. Inatibika kwa diazepam anayoipima daktari na vitamini B1, na ile B1 inatangulia dripu ya glukosi, haifuati nyuma. Msiende kununua diazepam dukani mkachanganya na bia, pumzi itakata.

Kikundi ni kizuri sana, lakini ni cha baada ya hapo.

#5 Fundi Tairi Kizota
Sista ubarikiwe. Binamu yangu Mpwapwa aliapa kwenye msiba wa baba yake kwamba hagusi tena gongo. Watu wakapiga makofi. Siku ya pili akaanguka degedege, wakasema ni marehemu amekasirika, wakamfukizia ubani. Tulimzika wiki hiyohiyo. Mpaka leo ukoo unasema alirogwa.

#6 Mwana wa Bahi
Pole sana fundi.

Mtoa mada nenda Itega. Ni tawi la Mirembe kwa ajili ya waraibu. Wanakupa methadone, unaenda kila asubuhi unakunywa mbele ya nesi unaendelea na shughuli zako. Jirani yangu amepona kabisa.

#7 Sista wa Makole
Methadone si ya pombe. Ni ya heroini na jamii yake. Jirani yako atakuwa alikuwa wa unga. Itega aende, ni sahihi, wapo washauri nasaha pale na anaweza kuuliza habari za vikundi, ila asiende akadai methadone kwa sababu ya bia.

#8 Mwana wa Bahi
Jirani yangu alikuwa anakunywa pia.

#9 Mzee wa Supu
Jirani wa Bahi anatumia kila kitu, tumwache apumzike.

#10 Kipanga wa Kibaigwa
Hicho kitu cha AA ni cha kanisa. Kilianzia Uingereza, kikaletwa na wamisionari. Ndiyo maana Dodoma hakipo, makanisa yetu tayari yanafanya kazi hiyo. Alhamisi maombezi, Jumapili ushuhuda, unahitaji nini tena?

#11 Abiria wa Namanga
Kipanga hapana. AA ilianzia Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935. Walioanzisha ni walevi wawili, mmoja mtu wa soko la hisa kutoka New York na mwingine daktari wa upasuaji. Nimehudhuria Nairobi nilipokuwa nafanya kazi huko, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Inaendaje: mnakaa, mmoja anaongoza kwa siku hiyo, wiki ijayo mwingine. Hakuna mwenyekiti wa maisha. Unataja jina la kwanza tu, na hakuna anayekuuliza unafanya kazi wapi. Ukitaka kuongea unaongea dakika chache, hakuna anayekukatiza wala kukushauri papo hapo. Hutaki, unasema leo nasikiliza. Hakuna ada. Mwishoni kinapita kikapu, mwenye mia tano anaweka, asiye nacho anakipitisha, hela ni ya ukumbi na chai. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Ipo mikutano ya wazi ambayo hata ndugu anaweza kuingia, na ya ndani ambayo ni ya wenye tatizo peke yao.

Kitu kilichonishika mimi siyo hata maneno. Kuna mzee alikuwa anapanga viti kabla hatujafika na kuviondoa tukimaliza, kila wiki. Nikaja kugundua ana kampuni ya malori.

#12 Kipanga wa Kibaigwa
Na zile hatua kumi na mbili za AA zinazomtaja Mungu ni za nini kama siyo kanisa?

#13 Abiria wa Namanga
Zinamtaja Mungu "kama kila mmoja anavyomwelewa". Nairobi nilikaa na Mhindu na jamaa mmoja asiyeamini chochote. Ila nusu unayo: wale waanzilishi walitokea kwenye harakati ya Kikristo iliyoitwa Oxford Group, wakaichomokea. Labda ndiyo Uingereza yako hiyo.

#14 Kipanga wa Kibaigwa
Nilisema mimi.

#15 Ustadh Nusu
Assalam alaykum. Mimi nakwenda kinyume na Kipanga. Kwetu kileo ni haramu, kwa hiyo Muislamu anayekunywa hapa Majengo hana pa kusema. Akimwambia imamu anapewa aya anazozijua tangu madrasa. Akisema nyumbani anavunja ndoa. Kwa hiyo anakunywa kwa kujificha, ana peremende mfuko mzima, na Ramadhani anaacha mwezi mzima kila mtu anamsifu. Idi mosi jioni anarudi palepale. Kama kuna watu wa kukaa nao wasiofukuza, mimi binafsi nina ndugu wa kumleta.

#16 Mzee wa Supu
Ndugu. Sawa ustadh.

#17 Ustadh Nusu
Mzee wa Supu, wewe supu yenyewe unainywa ya nini kila asubuhi?

#18 Mzee wa Supu
Kazi njema wakuu, natoka.

#19 Mtumba Basi la Jioni
Mimi naona sababu ni kwamba huu ni mji wa ofisi. Tangu wizara zihamie huku, nusu ya mji ni watumishi. Ukikaa kwenye hicho kikundi chenu, kiti cha pili ni afisa utumishi wako. Wiki inayofuata jina lako halimo kwenye safari. Dar unaenda Mbagala hakuna anayekujua, Dodoma uende wapi? Ukitoka Kisasa umefika Area D, ukikaa vizuri umefika Chang'ombe, umeuzunguka mji wote na umesalimiwa na watu wanane.

Na hapohapo ofisi ndiyo inakufundisha kunywa. Familia zipo Dar, wewe upo chumba kimoja Ihumwa, jioni basi linashusha watu kwenye grosari kabla halijawashusha kwao. Asiyeshuka anaonekana ana maringo.

#20 Bwana Zabibu
Hapo nakuunga mkono. Ila tusiisingizie zabibu. Mvinyo ni kilimo, watu wanasomesha watoto.

#21 Nyanya Chungu
Hakuna aliyeisingizia zabibu. Ila pale wanapouza mchuzi wa zabibu kwa lita kwenye madumu, mtu anabeba nyumbani kama mafuta ya taa. Bia ni asilimia tano hivi, mvinyo ni kumi na mbili, kumi na tatu. Anayekunywa kikombe kwa kikombe akidhani ni juisi yenye akili, jioni amefika mbali.

#22 Kipanga wa Kibaigwa
Viroba ndivyo viliharibu watu. Serikali ilivyovifuta 2016 wengi walipona.

#23 Fundi Tairi Kizota
Ilikuwa tarehe 1 Machi 2017, nakumbuka kwa sababu dukani kwa jirani walikuja kukamata katoni. Na hawakupona, walihamia gongo. Mimi nilikuwa miongoni mwao.

Mimi niliacha bila kikundi. Nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani, basi. Kuna kilabu cha ujimbi njiani, nikawa nazungukia relini, mbali kidogo lakini hakuna harufu. Mfukoni naweka karanga. Hela ya siku nampa mke wangu mchana, siyo jioni. Sijui kama nimeacha au nimekwepa.

#24 Abiria wa Namanga
Kukwepa nako kunahesabika, fundi.

#25 Mkwaju wa Ilazo
Asanteni wote, nimesoma kila kitu. Sista nimekuelewa, mikono yangu asubuhi haitetemeki, bado sijafika huko, lakini nimeenda kuangalia tena baada ya kusoma ulichoandika.

Mnaniita mkuu tangu jana. Mimi ni mama. Sipandi basi la grosari wala sikai baa. Nakunywa jikoni napika, mvinyo kwenye kikombe cha chai chenye mfuniko, kile cha maua. Watoto wanajua kile kikombe hakiguswi. Mume wangu anadhani ni chai ya tangawizi kwa ajili ya kifua. Kanisani kwetu niliwahi kusimamishwa mbele nikashuhudia nimefunguliwa. Wakashangilia. Nilipoteleza nikashindwa kurudi, maana nitarudi na uso upi? Ndiyo maana nikasema sitafuti kuwekewa mikono. Sijawadharau, Kipanga. Natafuta mahali ambapo ukianguka unaruhusiwa kurudi Jumamosi inayofuata.

#26 Nyanya Chungu
Dada yangu karibu. Kumbe tupo.

#27 Mwana wa Bahi
Pole dada, samahani kwa hiyo mkuu.

#28 Kipanga wa Kibaigwa
Mama, hapo kwenye kushuhudia mapema umenigusa. Ila bado nasema kanisa ni kubwa kuliko hilo moja.

#29 Mkombozi wa Ndoa
Dada wala usihangaike. Kuna unga wa mizizi, hauna ladha, unawekwa kwenye chai au mboga, mtu anaichukia pombe ndani ya wiki bila yeye kujua. Wake za watu wengi wamepona kwa waume zao. Njoo inboksi.

#30 Sista wa Makole
Ndugu mods, huyu mtu tafadhali.

Kwa wanaosoma: hospitali ipo dawa inaitwa disulfiram. Ukiwa umeimeza halafu ukanywa pombe, uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika, presha inaweza kushuka ukazimia. Hata dawa ya kikohozi yenye kileo inaweza kuiamsha. Anapewa mtu anayejua, aliyekubali, aliyepimwa ini na moyo. Kumwekea mtu kwenye mboga bila kujua ni kumtegea kifo. Na huo unga wa mizizi hakuna anayejua umechanganywa na nini.

#31 Mkombozi wa Ndoa
Wazungu wamewaharibu.

#32 Msimamizi wa Jukwaa
Matangazo ya dawa yanaondolewa. Pia msiweke namba za simu wala majina ya watu humu. Uzi uendelee.

#33 Bibie wa Singida
Wanaosema huku kwetu watu hawana desturi ya kukaa na kuongea siri zao, mmewahi kukaa kwenye kikoba? Sisi Manyoni tunakaa kila Jumamosi wanawake ishirini na kitu, tunajua nani kakopa, nani mumewe kahama, nani kafukuzwa kazi. Hakuna kilichotoka nje. Kwa hiyo siyo desturi. Mimi naona sababu ni hela. Soba, zile nyumba za kulaza waraibu, zina ada ya kila mwezi, kwa hiyo zina bango. Kikundi cha bure nani ataweka bango?

#34 Abiria wa Namanga
Na wenyewe wana kanuni ya kutojitangaza majina. Kinaweza kuwepo hapahapa mjini chumba cha nyuma cha ukumbi fulani na sisi hatujui. Mimi nimehamia mwaka jana nimeuliza, sijakipata, lakini kutokukipata siyo kutokuwepo.

Dada, kwa sasa ipo mikutano ya mtandaoni, saa yoyote ya usiku utakuta watu. Mingi ni Kiingereza. Unaingia umezima kamera, unaandika jina lolote. Wapo na wa wanawake peke yao. Weka vifaa vya masikioni uonekane unasikiliza kwaya.

#35 Mtumba Basi la Jioni
Bando la kila siku la saa nzima ya video? Huyu mtaalamu anaongea kama anaishi Nairobi bado.

#36 Abiria wa Namanga
Zima video, sauti peke yake haili sana.

#37 Mama Mwali
Hodi humu. Mimi sinywi. Mume wangu ndiye. Kuna kikundi cha sisi tunaosubiri getini saa nane usiku? Nimechoka kupiga simu baa kwa baa.

#38 Abiria wa Namanga
Karibu mama. Wapo, wanaitwa Al-Anon, ni tofauti na AA, kilianzishwa 1951 kwa ajili ya wake, waume, wazazi na watoto wa wanaokunywa. Nao wana mikutano ya mtandaoni. Hawakufundishi kumwachisha yeye. Mnaongelea ninyi.

#39 Mama Mwali
Niongelee mimi? Mimi nina tatizo gani?

#40 Nyanya Chungu
Shoga, saa nane usiku upo getini na kanga moja, baridi ya Juni ya Dodoma. Tuanzie hapo.

#41 Mama Mwali
Haya nimecheka. Asante.

#42 Bwana Zabibu
Swali la kweli, sichokozi. Mtu anayekunywa wikiendi tu, chupa mbili tatu, naye anaingia humo? Mimi nauliza.

#43 Mzee wa Supu
Nimerudi mbio baada ya kuona hili swali.

#44 Sista wa Makole
Bwana Zabibu, Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Lakini hilo ni la afya kwa ujumla. La kikundi ni jingine: jaribu wikiendi mbili uache, ujiangalie Jumamosi saa kumi na mbili jioni unakuwaje. Majibu utakuwa nayo wewe.

#45 Bwana Zabibu
Wikiendi hii kuna send-off.

#46 Mzee wa Supu
Daima kuna send-off.

#47 Ustadh Nusu
Turudi kwa dada. Humu ndani tayari tupo wangapi? Dada mwenyewe, mimi na ndugu yangu, fundi, Abiria anayejua inavyoendeshwa. Wale wa Marekani walianza wawili. Kwa nini tunatafuta bango?

#48 Fundi Tairi Kizota
Mimi nipo. Ila siyo mahali pa kuvaa tai.

#49 Mtumba Basi la Jioni
Mkikutana hadharani mjue mmeisha. Nyerere Square kila benchi lina mtu anayepiga picha.

#50 Kipanga wa Kibaigwa
Nafahamu ukumbi mdogo wa kanisa Chang'ombe, siku za wiki hautumiki. Nitaomba. Sitasema ni wa nini, nitasema ni kikao.

#51 Ustadh Nusu
Kipanga nakushukuru, lakini ndugu yangu kuingia kanisani na mimi nimemshika mkono, Majengo nzima itakuwa imepata habari kabla ya magharibi. Tutafute darasa la shule.

#52 Sista wa Makole
Ulizeni pale Itega au kituo cha afya chochote kilicho karibu, mwombe chumba jioni. Mtu kuingia kituo cha afya hakuna anayemshangaa, kila mtu ana malaria yake. Na mkipata anayetetemeka mnakuwa mko mahali sahihi.

#53 Mkwaju wa Ilazo
Kituo cha afya nakubali. Hilo la malaria nimelipenda. Ila dada sista, huko manesi wanatujua.

#54 Sista wa Makole
Manesi tunawajua wote tayari, mama. Hatusemi.

#55 Nyanya Chungu
Mimi naomba siku ya wanawake iwe yake. Sitaongelea ya jikoni kwangu mbele ya fundi tairi.

#56 Fundi Tairi Kizota
Nimefanya nini tena?

#57 Abiria wa Namanga
Vyote viwili vinawezekana, Nairobi ilikuwepo ya mchanganyiko na ya wanawake. Anzeni na mmoja kwanza. Jumamosi saa kumi jioni, mnaonaje? Mahali nitawaambia wale watakaoniandikia, siyo hapa.

#58 Mwana wa Bahi
Jumamosi Dodoma Jiji wanacheza nyumbani, Jamhuri pale hapapitiki.

#59 Abiria wa Namanga
Jumapili saa kumi basi.

#60 Nyanya Chungu
Jumapili saa kumi nina kikoba, na wiki hii ni zamu yangu ya kupokea hela, siwezi kukosa.

#61 Mkwaju wa Ilazo
Jumatatu baada ya kazi? Nyumbani nitasema nimeenda kupima malaria.